Seremala Anayepima Usingizi wa Warefu

Saa moja kasorobo asubuhi, vioo vya karakana vimeganda kwa baridi ya Novemba na Verlin Stuckey hajavua koti. Anasimama mbele ya mbao mbili za mwaloni zilizolala juu ya meza, anapitisha kiganja taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha anarudi tena alikotoka. Hapimi bado. Anasikiliza kwa mkono.

"Huu una kinyongo," anasema, akisukuma pembeni ubao mmoja. "Ukiutumia leo, mwezi wa pili utajipinda. Mtu akigeuka usiku, utalia. Sitaki kitanda kinacholia."

Mlango unasukumwa na Ramon Orduña, fundi bomba, anaingia na kikombe cha kahawa kila mkono. Anazitazama mbao, anatikisa kichwa.

"Mzee, leo jeneza la nani hilo? La twiga?"

"Nyamaza wewe. Choo cha ghorofa ya pili bado kinavuja, nawe unakuja kuchunguza majeneza."

"Choo kitasubiri. Niambie, kijana ameshakubali kuja?"

"Bado."

"Bado, nawe unamtengenezea kitanda?"

Verlin anapokea kahawa, anainywa nusu kwa mkupuo mmoja. "Bado," anarudia, kama mtu anayeambiwa mvua haijanyesha hali mawingu anayaona.

Verlin ana miaka sitini na mitatu. Ni seremala wa Chuo cha Pruitt Creek, chuo kidogo kilichozungukwa na mashamba ya mahindi na soya huku Indiana. Hutengeneza milango, hubadilisha vioo, hufunga rafu. Hulipwa dola ishirini na mbili kwa saa, mshahara ambao haujapanda kwa miaka mitatu. Lakini katika jimbo hili, ambako kila ghala la nafaka lina goli la kikapu ukutani, anajulikana kwa kazi ambayo haimo katika mkataba wake wala haimwongezei hata senti. Anawatengenezea vitanda vijana warefu wanaokuja kukitazama chuo kabla ya kuamua watachezea wapi.

Ziara kama hiyo huwa ya siku mbili. Vyuo vikubwa humpokea kijana kwa taa na muziki, picha yake ikining'inia ukutani urefu wa nyumba, na siku hizi na ahadi ya fedha. Pruitt Creek wana ukumbi wa viti elfu moja na mia tisa, na paa linalovuja juu ya mlango wa wageni.

"Siwezi kushindana na taa," anasema Denny Kessler, kocha wa timu ya wavulana kwa mwaka wa kumi na moja sasa. "Wenzangu wanampa kijana kitu cha kupiga picha. Mimi nampa usingizi. Akiamka amepumzika, ndipo anaweza kunisikiliza."

Kanuni zinakataza kumpa kijana zawadi, ndiyo maana kila kitanda kina namba ya mali ya chuo iliyochomwa ubavuni na hakina jina la mtu. Hubaki bwenini, na yeyote mrefu anaruhusiwa kukilalia. Katika miaka kumi na tisa, vijana thelathini na mmoja wameletwa kwenye vitanda vya Verlin. Ishirini na wawili walirudi kuwa wanafunzi.

Jambo lenyewe lilianza kwa komeo la dirisha. Asubuhi moja Verlin aliitwa bwenini kulitengeneza, akamkuta kijana mgeni wa futi sita na nusu amelala, magoti kitandani na miguu juu ya viti viwili alivyoviunganisha kwa mkanda wa suruali yake.

"Nikamkumbuka kaka yangu Dale," anasema. Dale Stuckey, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mrefu wa familia. Walilala kitanda kimoja, na mama yao aliweka sanduku la nguo miguuni ili Dale apate pa kuegemeza visigino. "Dale alicheza shule ya sekondari mpaka watu wakaja kumtazama kutoka kaunti tatu. Mimi nilibaki futi tano na inchi sita. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja wakati wa mapumziko. Nilifagia vizuri, lakini."

Tangu siku ile ya viti viwili, utaratibu haujabadilika. Wiki mbili kabla ya ziara, kocha huleta kadi yenye mistari miwili. Mmoja ni urefu wa kijana kama ulivyoandikwa kwenye orodha za wachezaji. Mwingine ni jibu la swali ambalo Verlin alimwomba kocha amuulize kila mzazi: mwanao analalaje?

Mstari wa pili Verlin huuamini. Wa kwanza, hata kidogo.

"Hakuna mahali watu wanasema uongo kama kwenye orodha za kikapu," anasema Verlin, na uso wake wenye makunyanzi unachangamka. "Mwalimu anaongeza inchi moja, mjomba anaongeza nyingine, kijana mwenyewe anapimwa na viatu. Mwenye futi sita na sita anaandikwa sita na nane. Kwa hiyo mimi hutoa inchi mbili za uongo, halafu huongeza sita za mto na za kujinyoosha. Hesabu hiyo haikuwahi kunitupa."

Mpaka mwezi uliopita, Oktoba.

Kadi ya Oktoba ilisomeka hivi: Deshon Pettway, kutoka Gary. Futi sita, inchi tisa. Analala kifudifudi.

Verlin alifanya kama siku zote. Alitoa mbili, akaongeza sita, akapata inchi themanini na tano. Alikata mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, akapanga chaga, akakaza matendegu, akaongeza kipande cha godoro mwishoni na kukishona mwenyewe. Ijumaa jioni kitanda kilikuwa chumbani, kimetandikwa shuka mbili zilizounganishwa na mkewe, Ardith.

Jumamosi saa mbili asubuhi, wageni wakiwa kwenye kifungua kinywa, alipanda bwenini kukikagua. Hiyo nayo ni desturi yake. Husoma kitanda kilicholaliwa kama wengine wanavyosoma gazeti. Shuka iliyojikunja pembeni humwambia kijana ana wasiwasi. Mto ulio sakafuni humwambia alikuwa na joto.

Safari hii hakuwa na cha kusoma. Godoro lilikuwa sakafuni, limelazwa kutoka dirishani hadi mlangoni, na blanketi juu yake. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani kama ngazi.

"Nilikaa chini," anasimulia. "Nilihisi kama nimemwalika mtu chakula nikamwekea sahani tupu. Miaka kumi na tisa, hakuna hata mmoja aliyelala sakafuni."

Alikuwa bado amekaa pale kijana aliporudi kuchukua jaketi. Aliingia ameinamisha shingo, mabega yamekunjwa mbele, akaketi upesi kwenye kiti cha karibu. Ndivyo alivyokuwa akiketi kila mahali tangu afike.

"Samahani mzee," Deshon alisema. "Kitanda ni kizuri. Ni mimi tu nina mambo yangu."

"Kilikubana wapi?"

"Hakikunibana."

"Mwanangu, godoro liko chini. Mtu halalii sakafu ya Oktoba kwa raha zake."

Verlin alitoa futi yake mfukoni, ile ya chuma inayojikunja, kwa mazoea tu. Deshon alinyanyua mkono kana kwamba ameoneshwa kisu.

"Usinipime, mzee. Tafadhali."

Ndipo maneno yalipomtoka, taratibu mwanzoni kisha kwa haraka. Orodha zilikuwa za mwaka jana. Tangu kiangazi alikuwa amerefuka inchi tatu, na alikuwa ameficha. Alivaa viatu vyembamba, alikunja magoti, alitangulia kuketi. Watu walimwona mrefu, naam, lakini warefu wako wengi. Hakuna aliyemwona amenyooka. Sasa alikuwa futi saba kamili, na kwa maneno yake mwenyewe, futi saba ni kifungo.

"Dada yangu mkubwa alikuwa mlinzi, anacheza nje na mpira mikononi," alimwambia Verlin. "Yeye ndiye alinifundisha. Najua kuupeleka mpira, najua kutupa kutoka mbali. Lakini kocha akisikia futi saba, hasikii tena kingine. Ananiambia nenda chini ya goli, geuza mgongo, nyanyua mikono. Vyuo tisa vimekuja kwetu, mzee. Wote wamenisimamisha pale pale. Na hao hawajui bado kwamba nimefika saba!"

"Hapa ulikuwa na mpango gani? Kujikunja miaka minne?"

Kijana alicheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Sikufikiria kitanda. Nilifikiria kila kitu, sikufikiria kitanda."

Verlin alifungua skrubu za ubao wa miguuni na kuanza kukusanya vipande. "Mimi sipimi kwa ajili ya kocha," alimwambia. "Napima kwa ajili ya kitanda. Kadi yangu haiendi popote. Ila sikiliza. Leo jioni kitanda hiki kitakuwa na inchi tisini, na kocha huja kukiona kila ziara inapoisha. Anajua hesabu yangu kama anavyojua jina lake. Kitanda kitamwambia. Afadhali umwambie wewe, kabla mbao hazijasema."

"Akiniweka chini?"

"Utakuwa umejua ukiwa bado na njia ya kuondoka."

Kocha Kessler hakungoja hadi mwisho wa ziara. Saa sita mchana alipita karakana akiwa na mikate miwili ya nyama ya nguruwe iliyokaangwa, nyama pana kuliko mkate, akakuta mifumbati mipya ikikaushwa gundi.

"Kuna nini tena?"

"Nimekosea hesabu."

"Wewe?" Kocha aliweka mikate mezani. "Wewe ukosee hesabu? Verlin, huyu kijana ana urefu gani?"

Hapa inafaa kueleza kilichokuwa kwenye mizani. Msimu uliopita timu ilishinda michezo tisa tu. Kila jioni ilinyang'anywa mipira chini ya goli na watu warefu kuliko wao. Mkataba wa kocha unaisha mwakani, na kijana wa futi saba chini ya kikapu ndiyo dawa aliyokuwa akiiota. Verlin alilijua hilo. Kessler ndiye aliyemtetea alipopata ajali ya msumeno, ndiye aliyembebea Ardith chakula alipopasuliwa goti. Katika miaka kumi na moja hawakuwahi kufichana kitu.

"Muulize mwenyewe," Verlin alisema.

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye mwenye futi."

"Futi yangu ni ya kupimia mbao, kocha. Ukitaka kumjua mtu, muulize mtu."

Kocha alichukua mkate mmoja, akaacha mwingine, akaondoka bila kuaga.

"Sikuumaliza ule mkate," anakiri Verlin. "Ramon ndiye aliyeula."

"Ulikuwa mtamu sana," anadakia Ramon kutoka kwenye kisanduku chake cha vifaa. "Mzee akinuna, mimi nanenepa."

Jumamosi hiyo Deshon alilala juu ya kitanda cha inchi tisini. Asubuhi yake Verlin alipanda ngazi kwenda kukikagua, na kocha alikuwa ameshafika, amesimama katikati ya chumba na mikono mfukoni. Mama wa kijana, Yolonda Pettway, muuguzi msaidizi huko Gary, alikuwa ameketi dirishani na mkoba mapajani. Shuka zilikuwa zimetulia.

Deshon alikuwa nje, kwenye varanda ya bweni. Alipowaona wote watatu, alisogea mpaka kwenye fremu ya mlango. Kila mtu wa kikapu anaijua milango ya mabweni: futi sita na inchi nane, haizidi wala haipungui. Alisimama ubavuni mwa fremu, akavuta pumzi, akanyoosha magoti, akafungua mabega, akainua shingo.

Kizingiti cha juu kilimfikia kwenye nyusi.

"Niliona mtu akikua mbele ya macho yangu," anasema Verlin. "Mama yake alishika mkoba kwa mikono miwili."

Kocha akaanza kucheka, akaketi kitandani.

"Tangu mwezi wa tatu silali, namtafuta mtu wa futi saba," alisema. "Sasa ninaye mlangoni. Haya, niambie. Wewe unataka kucheza wapi?"

Deshon alimtazama mama yake kabla ya kujibu. Katika vyuo tisa, hilo lilikuwa swali jipya.

"Nje, kocha. Na mpira mkononi."

"Nilijua! Mungu hanipi kitu kizima." Kocha alisugua uso. "Sikudanganyi. Kuna siku nitakuhitaji chini, na siku hiyo nitakuambia mapema, machoni. Lakini mazoezi yote ya asubuhi utafanya na walinzi. Ukiwashinda, nafasi ni yako. Wakikushinda, tutazungumza tena."

"Nitawashinda."

"Wana kasi."

"Nitawashinda, kocha."

Kwa simu kutoka Gary, Yolonda Pettway anaikumbuka asubuhi hiyo bila kusita. Akiulizwa kama alijua siri ya mwanawe, anacheka kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujitetea mara nyingi.

"Mimi ndiye nanunua suruali, nitakosaje kujua? Lakini kocha aliniuliza analalaje. Hakuniuliza ana urefu gani. Nikamwambia kweli, analala kifudifudi. Uongo wangu uko wapi?"

Halafu sauti yake inatulia. "Watu wa vyuo wamekaa jikoni kwangu, baba. Wote walitazama anavyoinama mlangoni, macho yanang'aa. Mimi nimemlea mtoto, wao wameona mti. Hawa wa mashambani ndio pekee walioniuliza usiku wake unakwendaje. Sasa kuna chuo kikubwa kimetuahidi fedha ambazo mimi sitazipata kwa miaka minne ya zamu. Siwezi kumwambia azikatae. Nimemwambia achague mahali atakaposimama wima."

Siku ya vijana kutia saini na vyuo walivyochagua ni Jumatano ijayo. Kocha Kessler anasema hajampigia Deshon simu kwa siku tano, na kwamba kila siku imekuwa kama mwezi. "Namwachia nafasi," anasema. "Verlin anasema ubao uliobanwa hupasuka."

Verlin mwenyewe hana presha hiyo, au anaificha vizuri. Mbao ameshazichagua. Akiulizwa kwa nini atengeneze sasa kitanda ambacho, kama kitahitajika, kitahitajika Agosti, anajibu kwamba mwaloni unatakiwa uonje baridi yake ya kwanza ukiwa bado mikononi mwa fundi, ili tabia yake ijulikane. Na kijana asipokuja?

"Atakuja mwingine mrefu. Watoto hawajaacha kurefuka." Anachukua penseli nyuma ya sikio. "Lakini atakuja."

Saa nne kasorobo, mlango unagongwa. Ni dada wa posta ya chuo na kikapu cha barua. Kwa kawaida karakana hupata katalogi za skrubu tu.

"Ya kwako, Verlin. Imeandikwa kwa mkono, heshima kubwa hiyo."

Bahasha ina muhuri wa Gary. Ndani hamna barua. Kuna kadi moja tu, ya ukubwa ule ule wa kadi za kocha, na mistari miwili. Verlin anaisogeza mbali na macho, halafu karibu, halafu anampa Ramon amsomee, ingawa miwani yake iko usoni.

Ramon anasoma: "Futi saba na nusu inchi, bila viatu. Mama amenipima kwenye fremu ya mlango wa jikoni." Anageuza kadi. "Bado nalala kifudifudi."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu. Na jina lake." Ramon anatazama juu. "Mzee, hii maana yake anakuja? Tumwambie kocha?"

Verlin anairudisha kadi mkononi mwake. Anaisoma tena, midomo ikicheza kimyakimya kwenye ile nusu inchi, ambayo mtu mwingine asingejisumbua kuiandika, na ambayo kijana huyu mwezi mmoja uliopita angeificha kwa kila njia.

"Kocha atapigiwa simu yake," anasema. "Hii ni ya kitanda."

Anaipigilia kadi ukutani kwa msumari mdogo, juu ya meza, kisha anarudi kwenye mbao. Amebakiza miaka miwili kustaafu, na anasema anataka kuitumia kumfundisha Ramon kuunga mifumbati, kwa sababu kazi ya mabomba inaweza kufanywa na mtu yeyote. Ramon anasema hajawahi kutukanwa vizuri hivyo.

Lakini kwanza kuna hiki cha leo. Verlin anakunjua futi ya chuma juu ya mwaloni, anapita inchi tisini, anapita tisini na mbili, anaweka alama tisini na nne. Kisha anabadilisha mpango wake wa miaka kumi na tisa: hataufunga ubao wa miguuni mahali pamoja tu. Anachora matundu ya skrubu matatu yanayofuatana, kila moja inchi mbili kutoka jingine, ili uweze kufunguliwa na kusogezwa.

"Nusu inchi kwa mwezi," anasema, akiuma penseli. "Miaka minne. Huyu tumwachie nafasi."

Anainamia msumeno.